Kitambaa cha Kiboksi

Mbinga mjini,
5 Juni 2024

Mdogo wangu Edina,

Mimi sijambo. Yale mashaka ambayo watu huyaandika mwanzoni mwa barua, leo hayako kwako. Yako hapa barazani kwangu, yamepigiliwa misumari kwenye nguzo. Usishangae kupata karatasi badala ya simu, sababu inakuja.

Jumamosi alikuja kijana anaitwa Edmund, wa mradi wa chuo, pamoja na mwenyekiti wetu wa mtaa, Nicholaus. Wakafunga kwenye nguzo ya mgahawa wangu kiboksi cheupe, ukubwa wa redio ya betri nne. Chini kina matundu kama ya chekecheo, na ubavuni kitaa cha kijani kinachokonyeza usiku na mchana. Wanasema kinapima hewa. Kinahesabu vumbi la makaa ya mawe tunalolivuta malori yanapokata kona hapa kwenda yadi. Kikiona kwa miezi mitatu kwamba vumbi limezidi, wilaya itayaamuru malori yapite barabara ya chini, nyuma ya maghala ya kahawa. Kikiona hewa ni safi, basi, tutaendelea kula makaa na ugali.

Maana yake kwangu unaijua. Daktari wa hospitali ya Litembo alisema Luisa asirudi mtaani hapa mpaka vumbi liondoke. Ndiyo sababu nilikukabidhi mjukuu wangu mwezi wa tatu, kifua kikipiga filimbi. Marehemu binti yangu Winifrida aliniachia mtoto mmoja tu, na sasa nimebaki na kitanda kitupu na viatu vya shule chini yake. Malori yakihama, Januari mtoto anarudi shule ya hapa. Yasipohama, harudi.

Lakini kiboksi chenyewe sikiamini. Kina laini ya simu ndani, nimemwona Edmund kwa macho yangu akiichomeka. Nakuuliza wewe uliyesoma: hewa inahitaji laini ya nini? Inampigia nani? Kwa hiyo barazani siongei tena na simu, na ndani mtandao hakuna. Beata muuza samaki anapanda huku kutoka kwenu ziwani na ndoo zake za usipa kila Jumatano na kushuka Alhamisi. Huyo ndiye posta yetu.

Halafu kuna jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Makame wa spea. Tangu kiboksi kifungwe, kila jioni anavuka, anasimama chini yake, ananyanyua simu, anaitazama, anatikisa kichwa, anarudi dukani. Mpole huyo, damu ya pwani tangu babu yake, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Nami nasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Spea na oili anamuuzia nani? Madereva wa malori. Malori yakihama atauza nini, maandazi? Jumlisha mwenyewe.

Edmund alipoondoka aliniambia, "Mama, nakukabidhi wewe. Kitunze, kisichezewe, ni kitu cha gharama." Nimekubali. Vumbi la hapa unalijua, redio ya marehemu baba ilikufa kwa vumbi. Nakutumia uzi. Fundo la kwanza ni upana, la pili ni urefu, la tatu ni unene. Nifumie kitambaa kama kile cha televisheni yangu, ila hiki kikifunike chote mpaka chini, na ndani uweke nailoni. Nisije nikaambiwa nimeharibu mali ya watu.

Mwambie Luisa viatu vyake nimevipaka dawa.

Dada yako,
Ottilia

•

Mbamba Bay,
18 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Nimecheka mpaka jirani akaniuliza kuna nini. Kiboksi kinapiga simu! Lakini nimekutii, naandika.

Kitambaa hicho hapo. Nimefuma nyeupe na ukingo wa bluu, maua ya nanasi pande zote nne. Ndani nimeshonea nailoni nene, na chini nimeweka kamba ya kukaza, kama mdomo wa mfuko. Vumbi halina pa kupenya. Kazi ya siku tisa hiyo, usikae ukaipakaza mafuta ya vitumbua.

Luisa ni mzima. Filimbi ya kifuani imenyamaza tangu Mei. Anakula usipa mpaka namwondolea sahani. Amejifunza Kinyasa kuliko mimi niliyeolewa huku miaka kumi na minane, na ananisahihisha mbele za watu. Jioni tunafua pamoja ziwani, yeye soksi, mimi mashuka. Dada, nyumba hii tangu nifiwe na mume ilikuwa na sauti ya mwiko tu. Mungu hakunipa mtoto na nilishaacha kumuuliza. Sasa asubuhi kuna mtu anayenidai uji.

Huyo Makame mwache kwanza. Mtu kutazama simu si kosa.

Mdogo wako,
Edina

•

Mbinga,
4 Julai 2024

Edina,

Kitambaa kimekaa kama kilizaliwa na kiboksi. Kila anayekuja kunywa chai anauliza nani kafuma. Nimewaambia mdogo wangu, na wawili wanataka cha redio.

Kila Jumamosi asubuhi nakivua, nakifua, nakianika, na jioni nakirudisha. Nenda ukaone maji yake! Wiki ya kwanza yalikuwa meusi hata sikuthubutu kuyamwaga kwenye maua. Nikasema asante Mungu, yote haya yangeingia ndani ya kile chombo. Edmund naye alipita Jumamosi iliyopita kukagua, akakuta kiboksi kiko wazi, kinang'aa, nimekipangusa. Akanisifu.

Makame ameanza maneno. Juzi amesimama pale na simu yake, akatazama juu akasema, "Mama Winifrida, nguo nzuri hiyo." Nikamjibu, "Nzuri, na macho ninayo." Akacheka akaondoka. Mtu asiye na jambo angecheka nini?

Sasa sikiliza. Edmund aliniachia karatasi mbili za Kizungu kuhusu kiboksi. Niliziweka nyuma ya picha ya Bikira Maria zisipotee, nikazisahau. Nakutumia. Wewe ulifika kidato cha nne. Soma uniambie kama kweli kinasikiliza watu. Mtu wa mtaani hapa sitampa, sijui nani yuko upande gani.

Ottilia

•

Mbamba Bay,
16 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, Beata alikuwa na malaria.

Karatasi nimezisoma. Hakisikilizi watu, ondoa hofu. Zinasema kisimwagiwe maji, kisigongwe, kisihamishwe. Mengine ni mambo ya mafundi. Nimezihifadhi kwangu zisikupotee tena.

Luisa ni mzima. Mwalimu wa hapa anasema ana kichwa chepesi. Nilikuwa nawaza tu, dada, hata ikitokea malori hayakuhama, shule ya huku si mbaya.

Edina

•

Mbinga,
7 Agosti 2024

Edina,

Nilikuambia! Nilikuambia ukacheka!

Jumapili kulikuwa na kikao cha mtaa. Edmund alibandika karatasi yake ya Julai ukutani kwa mwenyekiti, na mstari mwekundu unaopanda na kushuka. Akasema hewa ya mtaa wetu ni safi. Safi! Siku sita za wiki, anasema, ni safi kuliko porini. Watu wakacheka kwa hasira. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai chenye utando mweusi juu.

Hakuishia hapo. Anasema Jumamosi peke yake ndiyo vumbi linapanda, tena kupita kiasi, na hilo si jambo la kawaida. Huenda kuna mtu anachoma taka chini ya kifaa kila Jumamosi ili kipimo kipande. Alisema kwa adabu, lakini macho yalikuwa kwangu. Kwa hiyo Jumamosi zote atazifuta, na katikati ya Septemba atapeleka wilayani kwamba malori hayana neno.

Nilitaka ardhi inimeze. Kisha nikaanza kuhesabu. Kwa nini Jumamosi? Jumamosi ndiyo siku Makame anakwenda Songea kuchukua mali, alfajiri anaondoka na mkewe, jioni wanarudi. Umeona, Edina? Siku ambayo Makame hayupo, kiboksi kinasema kweli. Siku sita akiwepo na simu yake, kinadanganya. Mtoto wa chekechea angeiona hiyo.

Nikasimama. Nikasema yote mbele ya watu, na jina nikalitaja. Makame alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Alisimama, akasema tu, "Mama Winifrida, mimi?" Watu wakamzomea. Mwenyekiti akafunga kikao.

Sijutii. Mtu anayeuza mapafu ya mjukuu wangu ili auze oili, simwonei haya.

Ottilia

•

Mbamba Bay,
13 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nakuomba umwache Makame. Huna ushahidi. Jumamosi inaweza kuwa na sababu nyingine.

Sina cha kuongeza leo. Luisa ni mzima.

Edina

•

Mbinga,
21 Agosti 2024

Edina,

"Sababu nyingine." Ipi? Mbona huisemi? Unaandika siku hizi kama mtu anayetozwa kwa kila neno.

Hapa mambo yamechacha. Dukani kwa Makame hakanyagi mtu wa mtaa. Jumapili usiku kuna mtu aliuandika mlango wake kwa makaa, MUUZA HEWA, herufi kubwa. Asubuhi nilimwona mkewe Rukaiya anausugua kwa brashi na sabuni. Anasugua, anakohoa, anajishika ukuta, anasugua tena. Nilitaka kuvuka nimsaidie. Nikajikumbusha ni mke wa nani, nikaendelea na maandazi yangu. Lakini siku nzima sikuwa na raha, nakwambia ukweli. Nasikia wanatafuta fremu ya duka Songea ili wahame.

Jambo la pili. Beata ameniambia, tena bila ubaya, alidhani najua, kwamba Luisa anakuita mama. Si bibi mdogo. Mama. Na wewe unaitika.

Mama yake yuko makaburini Mbinga, na mimi ndiye niliyemwosha. Wewe ulipewa mtoto apone kifua, hukupewa mtoto. Umeandika barua tatu na hilo hukuliona la kuandika. Nimeanza kujiuliza ni mangapi mengine hukuyaandika.

Nijibu.

Ottilia

•

Mbamba Bay,
2 Septemba 2024

Dada,

Nasema shikamoo na sitegemei uniitikie.

Alianza kuniita mama mwezi wa sita. Sikumfundisha. Aliamka na ndoto mbaya akaita hivyo, nikaitika, na asubuhi sikumrekebisha. Hilo la kwanza.

La pili ndilo linalonizuia kula. Makame hakufanya kitu. Nilikuficha yaliyo kwenye zile karatasi. Ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi nene, umeandikwa kwamba kiboksi kinavuta hewa kwa yale matundu ya chini, na kisifunikwe kwa kitu chochote. Yale matundu ni pua zake, dada. Tumekivalisha nailoni na kukikaza kamba. Siku sita hakipumui. Jumamosi ukikivua ili ufue, kinapumua, na kinasema kweli. Hakuna aliyechoma taka. Hakuna aliyehongwa. Ni kitambaa changu.

Nilipofuma sikujua, naapa mbele ya Mungu. Lakini barua yako ya pili ilipofika nilijua. Nilikaa nayo kitandani. Nikasema nitamwandikia kesho. Luisa akaja na daftari, amepata tisa kati ya kumi, akanikumbatia shingo. Nikawaza, kipimo kikitoka safi, malori yatabaki, na malori yakibaki, mtoto atabaki. Nikakuandikia kisimwagiwe maji. Niliandika mistari michache kwa sababu mkono ulikuwa unakataa.

Wakati huo nilijiambia simwumizi mtu. Mtoto anapumua huku, wewe una afya yako, malori yalikuwepo kabla. Kisha ukamtaja Makame kikaoni. Kisha ule mlango. Tangu Beata alete barua ya mlango, sijapokea Komunyo. Namwona yule mama anasugua mlango kwa ajili ya kitambaa nilichofuma mimi.

Edmund hajapeleka taarifa bado. Kivue kitambaa. Karatasi zake ziko ndani ya bahasha hii, zote mbili.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uwahi.

Edina

•

Mbinga,
12 Septemba 2024

Edina,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na kitambaa.

Beata alinipa barua yako Jumatano saa nne. Niliisoma nimesimama jikoni. Nikaenda nguzoni nikakivua, nikarudi nacho mpaka kwenye moto. Ningekichoma nani angejua? Wewe usingesema, kiboksi hakina mdomo. Wiki mbili mbele vipimo vingepanda vyenyewe, watu wangesema Makame kaogopa kaacha mchezo wake, na mimi ningebaki shujaa wa mtaa. Nilikuwa nimekwisha kuunyoosha mkono nacho juu ya mafiga. Ndipo nikaona vidole vyangu. Vilikuwa vyeusi. Siku nne tu kilikuwa nje, Edina, tangu Jumamosi jioni. Nikakigeuza ndani nje. Ndani nailoni ilikuwa nyeupe kama ulivyoishona.

Nikakiweka kwenye mfuko safi. Jumamosi ilipofika sikufua. Mimi Ottilia, nikakiacha kichafu kwenye kabati la vyombo.

Alhamisi, kesho yake baada ya barua yako, nilivuka barabara. Nilimkuta Makame anafungasha boksi za spea. Nikamwambia yote nikiwa mlangoni, pale pale palipoandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Unajua alikuwa anatazama nini kwenye simu? Edmund aliwaambia wote kikaoni mwezi wa tano, siku nilipokuwa msibani Ukata, kwamba ukisimama karibu na kiboksi unaweza kuona namba zake kwenye simu. Makame alikuwa anasoma namba. Mwanzoni alitikisa kichwa kwa sababu zilikuwa mbaya, kisha kwa sababu zinasema hewa safi na mke wake anakohoa damu. Jumamosi Songea hakufuata mali peke yake, alikuwa anampeleka Rukaiya kwa daktari wa kifua. Alitaka malori yahame kuliko mimi. Oili angeuza kokote, anasema, mke hauzwi dukani.

Nikamuuliza, "Kitambaa ulikiona, mbona hukusema?" Akanijibu, "Mama Winifrida, kila redio niliyoiona hapa Mbinga na kwetu ina kitambaa. Nilidhani ndiyo heshima yake."

Hakusema amenisamehe. Alinipa kiti. Rukaiya alileta chai, kikombe amekifunika kwa kisahani kwa sababu ya vumbi.

Jumapili kikaoni nilisimama tena. Nikasema nilimsingizia mtu na nikamwomba radhi kwa jina, kama nilivyomtaja kwa jina. Kisha nikakitoa kitambaa, nikakifungua mbele ya meza ya Edmund, nje ikiwa nyeusi na ndani ikiwa nyeupe. Kuna mtu alianza kucheka, na kicheko kikazimika katikati. Edmund alikishika ukingo, akatazama vidole vyake. Nikamwambia, "Baba, kiboksi chako kilikuwa kimelala. Hiki ndicho kilichokuwa kazini." Akakipiga picha, akaomba aende nacho. Vipimo vyote amevifuta, anaanza upya wiki nane, kiboksi kikiwa uchi. Nicholaus akaniuliza nani kakifuma. Nikasema ni changu.

Sikukutaja. Usidhani ni upendo. Ni aibu, sikutaka mtaa ujue kwamba damu yangu ilinifanyia hivi. Miezi miwili, Edina. Ulinitazama nikimchafua mtu asiye na hatia, ukaandika "Luisa ni mzima". Nilikuwa namchunguza jirani wa ng'ambo ya barabara, na mwizi wangu nilikuwa namtumia salamu.

Usiniandikie kwanza.

Ottilia

•

Mbamba Bay,
22 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Umesema nisiandike. Nimeshika wiki tano. Beata amenisimulia kikao chote, pamoja na lile swali la Nicholaus na ulivyojibu. Nililia mbele yake, na nadhani amejua.

Nimemwambia Luisa mimi ni bibi mdogo. Siku mbili alininunia. Ya tatu akaniita bibi mdogo, akaenda kucheza. Watoto wana nguvu kuliko sisi.

Huhitaji kujibu.

Edina

•

Mbinga,
12 Desemba 2024

Edina,

Malori yamehama.

Wiki nane za kiboksi zilitoka mbaya kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili, hata Edmund alishindwa kusoma namba bila kutuomba radhi. Wilaya imeamuru barabara ya chini. Yalianza Jumatatu ya mwisho ya Novemba. Asubuhi nilipangusa meza za mgahawa, saa sita nikapitisha kidole, na kidole kikabaki cha rangi yangu. Nikaita watu waje waone. Mvua nazo zimesafisha majani ya migomba, sasa ni ya kijani mpaka kwenye lami.

Makame hakuhamia Songea. Amekodi kibanda huko barabara ya chini na kila siku anasukuma mkokoteni wa spea kupeleka, anarudi jioni jasho tupu. Biashara imempungua karibu nusu. Rukaiya sasa analala usiku mzima, na mimi asubuhi nampelekea maandazi, nikiyaacha dirishani. Wiki hii aliniita ndani.

Daktari wa Litembo nimemwona. Anasema mtoto arudi, ila tumtazame. Shule inafungua Januari. Mkabidhi Beata Jumatano ya kwanza ya mwaka, asipande bila yeye, atamfikisha.

Sijakusamehe yote. Nasamehe kidogo kidogo, kama mtu anayepalilia shamba kubwa peke yake, na nyuma majani yanaota tena. Likizo ya Juni Luisa atashuka kwako. Sifanyi hivyo kwa ajili yako, mtoto atakuulizia na sitaki kumdanganya.

Viatu vimembana, nimejua bila kumwona. Nitumie vipimo vyake, fundi aanze sare.

Ottilia

•

Mbamba Bay,
30 Desemba 2024

Dada, shikamoo.

Beata anapanda kesho badala ya Jumatano, mwaka mpya umevuruga siku zake. Luisa atakuwa naye, kikapu cha usipa kimoja ni chako, na kingine ni cha Rukaiya, usimwambie kimetoka kwa nani mpaka mwenyewe utakapoona inafaa.

Sitampandisha mimi. Nikifika Mbinga naye, sitaweza kushuka bila yeye, na sitaki kukujaribu wala kujijaribu. Nguo zake nimezifua zote. Kifua chake kikibadilika usiku, mwinue kwa mito miwili, umpe maji ya vuguvugu, atasema hapana, usimsikilize. Anapenda kusomewa kwa sauti ya juu. Kinyasa chake usimkataze.

Vipimo vyake hivi hapa, nimetumia uzi ule ule uliopimia kiboksi, nilikuwa nimeutunza. Mafundo ya zamani nimeyafungua. Fundo la kwanza ni mabega. La pili ni urefu wa mkono. La tatu ni kiuno mpaka goti, na mwambie fundi aache upindo mpana, maana amerefuka. Miguu nimeichora kwenye kipande cha gazeti.

Lile fundo la nne, la mwisho kabisa, si kipimo cha kitu. Mikono ilikuwa haitulii. Mwambie fundi aliruke.

Mdogo wako,
Edina